Pima njia ya kebo, si umbali wa ramani

Majengo mawili yanayoachana mita 180 kwenye ramani yanaweza kula karibu mita 300 za faiba. Mtaro ukizunguka hadi mita 240, ongeza mita 12 za kupanda ukutani kila jengo, mita 10 za akiba kwenye chemba na mita 3 kila raki: tayari ni 280. Pachi kodi (kebo fupi za kuunganisha raki na swichi) mbili za mita 5 zinafikisha 290. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuagiza chochote, maana ndiyo inayoamua aina ya faiba.

Kwa gigabiti 10 kwa sekunde, malti modi (faiba yenye kiini kinene, ya masafa mafupi) ya daraja la OM3 inaishia mita 300, OM4 mita 400, na OM2 ya zamani mita 82 tu. OM2 hiyohiyo hubeba gigabiti 1 hadi mita 550, ndiyo maana mtu hubadilisha swichi kuwa ya gigabiti 10 na laini iliyofanya kazi miaka mingi ikagoma. Kati ya jengo na jengo, weka singo modi tu, yaani faiba yenye kiini chembamba, ya masafa marefu.

Moduli za 10GBASE-LR, yaani vipande vya kwenye swichi vinavyotuma gigabiti 10 kwa singo modi, zinafika kilomita 10, lakini upotevu wa mwanga usizidi desibeli 6.2 (desibeli ndicho kipimo cha upotevu huo). Chukua njia ya kilomita 2 yenye kabati katikati. Kebo hupoteza 0.4 kwa kilomita, yaani 0.8. Kila konekta mbili zinapokutana hesabu 0.75, kila kiungo cha kuchomelea, 0.3. Ukiweka paneli (ubao wa kuchomekea konekta) kabatini, pamoja na zile za miishoni unapata makutano manne na viungo vinne: jumla 5.0, na akiba ni 1.2. Ukichomelea faiba ipitilize bila paneli, makutano ni mawili na viungo vitatu: jumla 3.2, akiba 3.0. Kwa hiyo paneli ya katikati iwe pale tu unapolazimika kugawa laini.

Wakati wa kuvuta, nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue mara 20 ya unene wa kebo. Ikishatulia, mara 10. Konekta ya kijani usiichomeke kwenye ya buluu: ncha ya kijani imekatwa mshazari, kwa hiyo nyuso hazigusani sawasawa na mwanga unapotea. Na kila konekta, hata iliyotoka mfukoni sasa hivi, ikague kwa hadubini na uisafishe kwanza, kwa sababu vumbi likibanwa kati ya ncha mbili huzikwaruza zote, na mkwaruzo haufutiki.