Forester ya turbo haiitiki ukikanyaga mafuta: soma hapa kabla hujatoa laki saba za rimapu

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo. Forester yako ya turbo ukikanyaga inasinzia kwanza ndipo ichanganye, na kuna fundi anataka laki saba aitune kompyuta ya injini (ndiyo hiyo rimapu, kubadilisha hesabu zake za mafuta na cheche), akikuahidi itaitika haraka na itakunywa mafuta kidogo. Yote hayo yanawezekana. Ila mimi nimepita njia hiyohiyo na gari hiyohiyo (Forester toleo la SG5 ya 2006, lita 2.0, otomatiki ya gia nne), nikalipa mara mbili, na ya kwanza nusura initie hasara ya injini.

Fundi wangu wa kwanza alinipokea vizuri. Alichomeka waya chini ya usukani, akafungua laptop, na baada ya dakika ishirini hivi akaniambia tayari. Hakupima kitu. Hakuendesha gari wala hakuuliza naweka mafuta gani. Nilikuja kujua baadaye kwamba alichoingiza ni faili la kupakua tu, lililotengenezwa kwa gari nyingine inayotumia petroli ya oktani kubwa (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kujilipukia yenyewe). Wiki ya kwanza nilifurahi kweli, maana gari ilikuwa inaruka kama imeng'atwa. Nikasafiri kwenda Iringa. Nimepita Ruaha Mbuyuni salama, naanza kupanda Kitonga nyuma ya semi mbili, nikapata nafasi ya kulipita moja nikakanyaga. Nikasikia mlio kutoka mbele, kama mtu anatikisa punje za mahindi makavu ndani ya debe. Nikaachia, ukanyamaza. Nikakanyaga tena kidogo, ukarudi. Nilipanda mlima wote ule nyuma ya lile semi, taratibu, madirisha wazi, nasikiliza.

Mlio ule ndio mafundi wanauita nokingi. Mchanganyiko wa hewa na petroli unajilipukia wenyewe kwenye silinda kabla moto wa plagi haujaufikia, na mlipuko huo unaipiga pistoni kwa wakati usio wake. Ukiendekezwa unapasua pistoni. Nilipompigia fundi arudishe faili la mwanzo, akasema hakulihifadhi. Hapo ndipo nilipoacha kubishana nikaanza kutafuta mtu mwingine.

Fundi wa pili alinikera mwanzoni kwa sababu alikataa kugusa laptop. Kwanza alisoma namba ya kompyuta yangu, akatafuta faili la kiwandani la namba hiyohiyo akalirudisha. Alipokuwa anaandika aliiacha betri kwenye chaja, maana umeme ukishuka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kufa usiiwashe tena. Halafu akaniambia nitembelee wiki nzima, nirudi apime.

Alipopima alinionyesha namba mbili. Ya kwanza ni marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, kwenye mashine utaiona imeandikwa LTFT. Hiyo inaonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kiasi gani kulinganisha na hesabu yake ya kawaida. Gari isiyo na hitilafu hucheza karibu na sifuri. Yangu ilikuwa imesimama kwenye asilimia 14 za kuongeza. Maana yake kuna hewa inaingia kwenye injini bila kupita kwenye sensa ya hewa, kompyuta inagundua kwa sensa ya oksijeni kwamba mafuta hayatoshi, basi inaongeza. Alitafuta kwa kupuliza moshi kwenye njia ya hewa, na moshi ukatokea chini ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), kwenye ule mpira mnene unaopeleka hewa kwenye turbo. Umejificha mahali ambapo mkono haufiki. Ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, na kwa umri wa gari wala sikushangaa.

Namba ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Kompyuta ya Subaru ina sensa iliyofungwa kwenye bloku, kazi yake ni kusikiliza nokingi. Ikisikia, inachelewesha cheche za plagi. Ikisikia mara nyingi, inashusha kizidishio kimoja kinachoitwa IAM, ambacho kinatakiwa kisome 1. Changu kilisoma 0.44. Yaani ule uwahishaji wa cheche ambao kiwanda kilikusudia uipe gari uhai, mimi nilikuwa napata chini ya nusu yake, na sio mlimani tu, kila mahali. Cheche zikichelewa, petroli ileile inasukuma kidogo, na wewe unaongeza mguu kufidia. Ndiyo maana gari inakuwa nzito na inakunywa sana kwa pamoja.

Tulibadilisha mpira, tukasafisha sensa ya hewa kwa dawa yake, tukaweka plagi mpya, tukasafisha throto (lango la hewa ya injini). LTFT ikashuka hadi 2. Kizidishio kikapanda, lakini kikagoma kwenye 0.81.

Fundi akanipeleka nyuma ya gari, akafungua kifuniko cha tanki. Ndani kuna kikaratasi kimebandikwa, kimeandikwa Kijapani. Nilikuwa nimekiangalia miaka minne kila nikijaza mafuta, sijawahi kuuliza. Kinasema weka petroli ya daraja la juu. Kule Japani daraja hilo kwa viwango vyao lazima lifike oktani 96, na inayouzwa vituoni kwa kawaida inakaribia 100; ile ya kawaida yao inaanzia 89. Gari hizi zilipangiwa cheche kwa petroli ile ya juu. Sisi tunazishusha bandarini, tunaweka petroli ya kwetu ambayo haifiki hapo, tunaingia nazo kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana. Na kwa Forester intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) iko juu ya injini, chini ya lile dirisha la boneti, kwa hiyo ukisimama inabanikwa na joto la injini, na hewa ya moto nayo inaleta nokingi.

Sasa ndipo laptop ikafunguliwa. Alichofanya kilinishangaza, maana mimi nilidhani kutuni ni kuongeza. Yeye alipunguza. Kwenye jedwali la cheche alitafuta vile vyumba vichache ambako nokingi ilikuwa inatokea, mzigo mkubwa na mizunguko ya kati, akatoa nyuzi mbili, pengine tatu. Turbo akaishusha presha kidogo hapohapo. Matokeo yake nokingi ikaisha, kizidishio kikarudi 1, na sehemu nyingine zote za jedwali zikapata uwahishaji wao kamili. Amekata pembeni, katikati pakanona.

Cha mwisho ni pedali. Gari hizi hazina waya wa kuvuta throto. Pedali ina sensa, inaiambia kompyuta umekanyaga kiasi gani, kompyuta inaangalia jedwali ni nguvu kiasi gani umeomba, halafu mota ndogo ndiyo inafungua throto. Kiwanda kililegeza mwanzo wa jedwali hilo ili gari isishtuke ukigusa. Alilinyoosha, nusu ya pedali ikawa karibu na nusu ya nguvu kweli. Hii ndiyo sehemu utakayoisikia siku ya kwanza, na ndiyo inayowapumbaza watu. Haiongezi nguvu hata punje. Vile vidude vya pedali wanavyouza mtandaoni vinafanya kitu kinachofanana, vinaidanganya kompyuta kwamba umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga. Havina madhara makubwa, ila usitegemee vipunguze mafuta. Na vile vya kuchomeka tu kwenye soketi ya OBD (ile ya kupimia gari, chini ya usukani) vinavyomwekamweka taa, waliovifungua wamekuta ndani taa na saketi ya kuiwasha. Achana navyo.

Baada ya kuandika tuliingia barabarani, mimi naendesha, yeye kiti cha pembeni anarekodi. Akarekebisha, tukarudi tena. Safari nne. Fundi asiyetoka na wewe barabarani hajaituni gari yako, amekunakilia faili.

Kuhusu mafuta, hizi ni namba zangu, Dar mpaka Morogoro na kurudi, pampu ileile, najaza mpaka ikate yenyewe. Kabla ya yote: kilomita 8.4 kwa lita. Baada ya mpira na usafi: 9.3. Baada ya kutuni: 9.6. Angalia mwenyewe ongezeko kubwa limetoka wapi. Mjini sikuona tofauti yoyote, foleni ni foleni. Fundi akikwambia atakupunguzia robo ya mafuta, muulize ataitoa wapi. Gari ikitembea mwendo wa kawaida kompyuta tayari inafuata uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1, na ikikanyagwa sana inaongeza petroli makusudi kupoza silinda. Anayepunguza hapo anakula pistoni zako.

Kuna mwenzetu hapo juu ameuliza kama Toyota IST nayo inafaa kutuniwa. Mkuu, injini isiyo na turbo itakupa kidogo sana kwa kutuni, pesa yako weka kwenye plagi, chujio la hewa na kusafisha throto. Na wewe mwenye gari ya dizeli: moshi mweusi baada ya rimapu ni mafuta ambayo hayakuungua, usiruhusu mtu akwambie ndiyo nguvu. Kutoa masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) nako sikushauri, kwa Forester ya kutembelea hutapata cha maana zaidi ya kelele na harufu.

Kwa hiyo wewe usiende na laki saba kesho. Nunua au azima kile kidude cha Bluetooth cha OBD. Injini ikishapata moto, soma LTFT gari ikiwa imesimama, halafu soma tena ukiwa unatembea 80. Ikizidi 10 popote, una kazi ya mpira au sensa kwanza. IAM programu nyingi za simu haziisomi, itabidi fundi mwenye waya wa Subaru akusomee. Muulize pia kama atakupa faili la kiwandani kwenye flashi kabla hajaandika chochote. Akisitasita, funga boneti. Ukipata hizo namba ziweke hapa, na utaje unaweka petroli gani na giaboksi ni ya nini, tuone inasinzia kwa sababu gani.