Mungu kanipa kitabu, mhariri kakata kurasa 60

SWALI: Bwana asifiwe mama, shikamoo. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya, nina miaka 34, ndoa yangu ina mwaka wa tisa na mimba zimetoka mara mbili. Januari nilifunga siku 21, siku ya 17 usiku kama saa tisa nikaamka nikaanza kuandika, yaani maneno yalikuwa yanakuja tu mpaka kukakucha, nikaendelea hivyo mwezi mzima nikajaza madaftari manne. Ni kitabu cha wanawake wanaosubiri mtoto. Nimekichapa kwenye laptopu ya shemeji zimetoka kurasa 240. Sasa kuna kaka tunasali nae, anafundisha Kiswahili sekondari, nikampa apitie makosa ya herufi tu, karudisha kakata kurasa 60 na pembeni kaandika "umesharudia hapa", "huyu ni nani", "andiko hili halisemi hivyo". Mama nililia. Na mtumishi mmoja aliyekuja kwenye semina alinitabiria kitabu hicho kitakwenda mataifa, nisiruhusu mkono wa mwanadamu ukiguse, na kisipotoka kabla ya mwezi wa sita mlango utafungwa. Wachapaji wanataka milioni 6 kwa kopi 1000, nusu ninayo, nusu nataka nikope kikoba. Je nikikubali zikatwe si ntakuwa nimemzimisha Roho? (Mwalimu, Mbeya)

JIBU: Marahaba mwanangu, asifiwe sana. Kwanza pole kwa hao wawili. Sitaki niruke hapo nikimbilie kurasa, maana naona na wewe umeruka, umetaja "zimetoka mara mbili" ukapita kama kondakta anayetaja vituo.

Usiku wako wa saa tisa sikatai, nimewahi kuamshwa hivyo na mimi. Ila ngoja nikuchekeshe. 2011 nilitoa kijitabu cha tafakari za asubuhi, mhariri nikamkataa kwa maneno hayo hayo yako, kwamba nimepokea na nilichopokea hakiguswi, nikachapa kopi 500. Jumapili ya kwanza tu katoto ka shule ya Jumapili kakanifuata na Biblia yake, bibi mbona umeandika Nuhu alikaa safinani siku 40, mvua ndo ilinyesha siku 40, yeye alikaa humo mwaka na zaidi! Nikaenda kuhesabu Mwanzo 7 na 8, kweli, waliingia mwezi wa pili tarehe 17 na nchi ikakauka mwezi wa pili tarehe 27 ya mwaka uliofuata. Na kwenye utangulizi nilishaandika kwa kujiamini kabisa kwamba kila neno humu limetoka kwa Roho Mtakatifu. Sasa hapo nani kakosea? Nilikuwa nimemsingizia Mungu uvivu wangu wa kufungua sura mbili. Maboksi yapo chini ya kitanda mpaka leo, panya ndo wasomaji wangu waaminifu.

Tangu hapo nikampenda sana Luka. Soma mistari minne ya kwanza ya Injili yake, soma kama mwandishi sio kama mtu wa ibada ya asubuhi. Hasemi niliamshwa usiku, hasemi nilisikia sauti. Anasema wengi wameshaandika habari hizi, na mimi "nimejitafutia kwa usahihi habari za mambo hayo yote tangu mwanzo, kukuandikia kwa taratibu". Yaani kaenda kwa walioona kwa macho, kauliza, kalinganisha, kapanga. Ni kazi ya miguu na kalamu, na kanisa zima linaisoma kama Neno la Mungu. Kwa hiyo mi naamini Mungu alimwongoza Luka ndani ya huko kuuliza na kupanga kwake, sio kwamba kazi ilikuwa upande huu na Roho upande ule.

Najua utanijibu na Yeremia 36. Baruku kaandika kwa kusomewa neno kwa neno na nabii, halafu mfalme Yehoyakimu amekaa kwenye nyumba yake ya baridi, moto unawaka mbele yake, kila kurasa tatu nne zikishasomwa anakata kwa kisu anatupa motoni. Na unataka kuniambia huyo kaka wa sekondari ndo Yehoyakimu wako. Hapana mwanangu. Yehoyakimu alikata ili asisikie, huyu kakata ili wengine wasikie, ni visu viwili tofauti kabisa. Halafu angalia mwisho wa sura, Yeremia hakukaa kulilia lile gombo, alimpa Baruku gombo jingine likaandikwa upya na maneno mengine mengi yakaongezwa. Kilichotoka kwa Mungu hakifi kwa kukatwa, kama zile kurasa 60 zilikuwa zake zitarudi tena zikiwa zimenyooka.

Na Habakuki aliambiwa nini? "Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana katika vibao, ili aisomaye apate kuisoma kama maji." Kupewa njozi ni jambo moja, kuifanya iwe wazi ni kazi aliyoachiwa Habakuki mwenyewe. Kama maji! Msomaji wako aliyepigwa na mawifi jana usiku hawezi kumeza jambo moja lililosemwa mara tatu kwenye sura tatu.

Ukitaka mfano wa kwetu chukua marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyeziweka Injili na Zaburi kwenye utenzi. Utenzi una mizani (yaani silabi) nane kila kipande, vina vitatu vinafanana na cha nne kinatembea mpaka ubeti wa mwisho, na ni sanaa iliyolelewa na Waislamu wa pwani kwa karne nyingi, kwa hiyo Mkristo wa bara anayetaka kuimba Zaburi kwa namna hiyo ilibidi akae ajifunze. Hakuna maombi yanayokuhesabia mizani, ikiwa saba ni saba.

Haya turudi kwenye zile alama za pembeni. Pale alipoandika "andiko hili halisemi hivyo" hapana mjadala, fungua, soma sura nzima, ukikuta kweli futa hata kama ulilia ukiandika. "Umesharudia" mkubalie tisa kati ya kumi. Iliyonigusa mimi ni "huyu ni nani". Nadhani huyo ni wewe. Nahisi humo ndani kuna "dada mmoja" asiye na jina, hana nyumba, hana mume, hali wala hanywi, analia tu na kushinda, na zile kurasa 60 zinazunguka kitu ambacho hukukiandika. Linganisha na Hana kwenye 1 Samweli 1. Pale tunajua mke mwenza anaitwa Penina na anamchokoza kila mwaka wakipanda kwenda kuabudu, tunajua Hana anasusa chakula, tunamsikia mume na mapenzi yake yasiyosaidia anauliza "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?", tunamuona kuhani anadhani mama wa watu kalewa. Ni mistari michache tu na wanawake wanaisoma mpaka leo wanasema huyu ni mimi. Andika siku uliporudi toka hospitali. Nani alikufungulia mlango, ulikula nini, mama mkwe alisema nini au alinyamaza vipi. Kama huwezi bado, basi kitabu hakijaiva na wala sio dhambi kusubiri, kichwa chenyewe kinahusu kusubiri.

Sasa huyo mtumishi. Paulo anasema "manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue", 1 Wakorintho 14:29, kwa hiyo unabii wenyewe unakaguliwa na watu kanisani sembuse daftari lako. Mtu akikwambia usimuonyeshe mwingine, na ufanye haraka, na kuna hela ndani yake, mimi hapo huwa nashika pochi. Simjui, labda ana nia njema, lakini mwezi wa sita ukipita kikoba hakipokei unabii kama rejesho, watakuja kubeba friji. Yesu mwenyewe alimtaja mtu wa kujenga mnara anayekaa kwanza akahesabu gharama. Chapa kopi 100 kwa hela uliyonayo, namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, ukaulizie Maktaba ya Taifa, hizo 100 ziuze kwa mkono kwa akina mama uone wanakuuliza nini, ndo ufikirie nyingine. Mataifa yatasubiri kidogo.

Umeniuliza pia chini kule (nimefupisha barua yako) nitajuaje ni Mungu anaongoza au ni mimi. Kwangu mimi mara nyingi imekuja kama kukosa amani na sentensi fulani. Niliwahi kuandika kisa cha ndugu wa mume wangu, kila kitu kilikuwa kweli na kilikuwa kimeandikwa vizuri, na kila nikikisoma naona naifurahia ile aibu yake kidogo. Nikakifuta. Sauti sikusikia, ila usiku ule nililala. Sali kabla hujafungua laptopu halafu fanya kazi kama mtu aliyeajiriwa, na ukimaliza sura msomee kwa sauti mama yeyote asiye wa kanisa lenu, akianza kuangalia simu weka alama hapo hapo.

Kurasa zilizokatwa zitunze kwenye daftari la tano. Na mhariri mpelekee hata soda, mtu kasoma kurasa 240 bure.

SWALI: Niaje mum, niko Eldoret. Naandika riwaya, mhusika wangu ni mwizi wa pikipiki na mwisho haokoki. Pasta wetu anasema kama mimi ni mwandishi aliyeokoka lazima aokoke kabla ya ukurasa wa mwisho. Mi naona nikimwokoa nitakuwa nadanganya. (Kijana, Eldoret)

JIBU: Pasta wako anawapenda wasomaji, mheshimu, ila muulize pole pole kuhusu Esta, kitabu ambacho kwenye Kiebrania jina la Mungu halitajwi hata mara moja na mkono wake unauona kila sura. Halafu Yona. Kinaisha na swali la Mungu kuhusu watu wa Ninawi zaidi ya 120,000 na wanyama wengi, na Yona hatuambiwi alijibu nini, tunamwacha pale nje ya mji kanuna na mtango wake umekauka. Usimwokoe mwizi kwa amri. Ila angalia usimchukie pia, mpe mama, mpe njaa, mpe siku moja aliyokaribia kuirudisha hiyo pikipiki akapita nayo mbele ya nyumba ya mwenyewe taa zikiwa zinawaka.