Vipande vya majengo: nani anashika fedha zako?

SWALI: Mhariri, nimestaafu ualimu hapa Nakuru, na sehemu ya kiinua mgongo changu bado iko benki. Kijana wangu ananishauri niweke fedha kwenye REIT badala ya kununua ploti. Hata hivyo, rafiki yangu aliyenunua vipande vya Fahari, mojawapo ya REIT hizo, mwaka 2015 anasema aliambulia hasara. Ikiwa sheria ipo na mamlaka ipo, hasara hiyo ilitoka wapi?

JIBU: Mwalimu, REIT ni mfuko unaokusanya fedha za watu wengi, ukanunua au kujenga majengo, kisha wenye vipande, yaani waliochangia fedha hizo, wakagawana kodi wanayolipa wapangaji. Nchini Kenya mifuko hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji chini ya kanuni za mwaka 2013, na kiini cha kanuni hizo ni kwamba anayeendesha mfuko siye anayeshika mali. Meneja huchagua majengo na kusimamia uendeshaji wake, lakini mali yenyewe hushikwa na mdhamini, ambaye mara nyingi ni benki, kwa niaba yenu wenye vipande. Linganisha na baadhi ya wauzaji wa ploti, ambako anayepokea fedha, anayekaa na hati na anayekuahidi faida ni mtu yuleyule.

Mfuko wa mapato, yaani I-REIT, hushika majengo ambayo tayari yana wapangaji; hulazimika kugawa angalau asilimia 80 ya mapato yake halisi, na mikopo yake haipaswi kupita asilimia 35 ya thamani ya mali. Mfuko wa ujenzi, D-REIT, unaruhusiwa kukopa hadi asilimia 60, na kwa kuwa hatari yake ni kubwa zaidi, kiwango cha chini cha kuingia ni shilingi milioni 5. Huo nadhani si wa kiinua mgongo cha mwalimu.

Sasa tuje kwa rafiki yako. Kanuni hulinda mali isiporwe; bei ya kipande huiachia soko. Fahari iliingia Soko la Hisa la Nairobi Novemba 2015 kwa shilingi 20 kila kipande, ikitarajia kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 12, lakini ikapata takriban bilioni 3.6 tu. Kwa mtaji huo mdogo, sehemu kubwa ya mali yake ikawa jengo moja la maduka, Greenspan Mall la Donholm, na mfuko wa namna hiyo hutikisika mpangaji mmoja mkubwa anapohama. Vilevile, mwenye vipande akitaka kutoka wakati wanunuzi ni wachache, hulazimika kupokea bei iliyo chini ya thamani ya majengo yenyewe. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kuuza kwa shilingi 11, na mwaka uliofuata Fahari ikaondoka kwenye soko kuu.

Imara ya Laptrust, mfuko mwingine wa mapato ulioorodheshwa mwaka 2023, nayo imetengewa wawekezaji wataalamu. Kwa hiyo mwulize kijana wako anazungumzia mfuko gani hasa, hakikisha una kibali cha Mamlaka, kisha usome waraka wa toleo, yaani maelezo rasmi ya mfuko kwa wanunuzi, ukianzia kwenye orodha ya wapangaji na tarehe za mikataba yao kuisha. Picha za jengo zinaweza kungoja.