Maswali na majibu: barua ya askari ipitie kwa nani?

Safari hii maswali yote yanahusu barua za kikazi ndani ya polisi.

Mimi ni konstebo, naomba uhamisho. Anayeamua yuko makao makuu. Kwa nini nisimwandikie moja kwa moja?

Mwandikie yeye, ila barua ipite kwa wakubwa wako. Juu weka anwani ya anayeamua. Chini yake andika "Kupitia kwa:" kisha vyeo kwa mpangilio: mkuu wa kituo, wilaya, mkoa. Taja vyeo, si majina, maana watu huhamishwa. Ukiruka ngazi, mara nyingi barua hurudishwa chini ikaombewe maoni, na muda umeshapotea.

Mkuu wangu ameikalia barua yangu. Haipeleki mbele wala hanijibu.

Hili linaniuma, kwa sababu wakubwa wengi huchukulia "kupitia kwa" kama kibali chao. Sicho. Kazi ya mkubwa wa katikati ni kuandika maoni, kutia sahihi na tarehe, barua iendelee. Kama haafiki, aandike "siafiki" na sababu zake. Kukubali au kukataa ni kwa yule aliyeandikiwa. Barua ikifungiwa kwenye droo, askari amenyimwa jibu na hana hata cha kukatia rufaa.

Anzia masijala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua na majalada. Uliza imewekwa jalada gani, folio ya ngapi (namba ya karatasi ndani ya jalada), imepelekwa kwa nani na lini. Hapo ndipo nakala yako yenye mhuri wa "Imepokelewa" inapokufaa. Usiwahi kuondoka masijala bila huo mhuri. Kisha andika barua ya kukumbusha kupitia kwa mkuu huyohuyo, ukitaja kumbukumbu namba na tarehe ya ile ya kwanza. Akinyamaza tena, ukumbusho wa pili uwe na nakala kwa mkubwa wake, na mstari wa "Nakala" uonyeshe hivyo waziwazi.

Na kama ninayemlalamikia ndiye wa kuipitisha?

Isipite kwake. Mpelekee anayemsimamia, au kitengo cha malalamiko ya ndani kama kipo. Eleza kwa sentensi moja kwa nini hukupitia kwake, usije ukaonekana umevunja utaratibu kwa makusudi.

Mimi ni mpelelezi. Nahitaji taarifa ya haraka kutoka kituo cha mkoa mwingine.

Piga simu au tumia redio. Mtuhumiwa hasubiri sahihi tatu. Andika saa uliyopiga na cheo cha aliyepokea, halafu barua ya kuthibitisha ifuate, na nakala kwa wakuu wa pande zote mbili.

Barua ya Siri inafungwaje?

Kwa bahasha mbili. Ya ndani ina mhuri wa "Siri" na kumbukumbu namba. Ya nje ina anwani tu. Anayepokea atie sahihi. Kuipiga picha na kuituma kwenye kundi la simu ni kuivujisha, hata kama kundi lina maofisa watupu.