Mtu Mzima Akianguka Ghafla, Anza na Kifua Kabla ya Gari

Hapa Bukavu, mtu mzima akianguka ghafla sokoni Kadutu au kilioni, wengi wetu hukimbilia kumbeba hadi kwenye gari. Nia ni njema, lakini ikiwa moyo umesimama, haraka hiyo humnyima nafasi aliyo nayo, kwa kuwa ubongo usiopata damu huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6, na msongamano wa magari pale Essence hauna huruma kwa dereva anayeelekea hospitali ya Panzi.

Mwite kwa sauti na umtikise mabega. Asipoitika, tazama kifua chake kwa muda usiozidi sekunde 10 uone kama anapumua vizuri. Hapa ndipo watu hudanganyika, kwa sababu mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kukoroma au kutweta mara mojamoja kama samaki aliyetolewa ziwani. Hivyo sivyo kupumua. Nilipokuwa kwenye kilio cha jirani, mzee mmoja alianguka, na waliosikia mkoromo wake walisema aachwe apumzike, huku wengine wakileta maji ya kummwagia. Kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa na wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu, nilipiga magoti nikaanza kukandamiza kifua, tukipokezana na vijana wawili. Mzee yule hakurudi. Nasema wazi kwamba wengi hawarudi, lakini asiyekandamizwa kifua karibu hana tumaini lolote.

Asiyepumua vizuri mlaze chali chini, mahali pagumu, wala si kitandani. Weka kiganja katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wake, weka cha pili juu yake, nyoosha mikono, kisha kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kiinuke kabisa kila mara. Mbavu zinaweza kuvunjika. Usiache kwa sababu hiyo, kwani mbavu huunga. Pokezaneni kila dakika 2, maana mikono huchoka kabla mwenyewe hujajua.

Kinachoniuma zaidi ni kuona mama ameanguka na wanaume wamesimama kando kwa aibu ya kugusa kifua chake, hasa akiwa mama mkwe. Heshima ni kumwokoa. Wanawake waliopo wanaweza kushika vitenge kumsitiri.

Aliyepigwa na umeme, kata umeme kwanza. Aliyeopolewa Ziwa Kivu anahitaji pumzi tangu mwanzo, mdomo kwa mdomo, ikiwa unajua kuzitoa.

Gari litafutwe wakati huohuo, lakini usiwatangazie watu wote: mwelekeze mmoja kwa kidole, "Wewe, kaka mwenye shati jekundu, leta gari na upige simu hospitalini", nawe uendelee kukandamiza hadi mgonjwa apumue vizuri au mganga wa hospitali akupokee.