Maswali ya Walimu: Utumwa wa Marekani, Waliopigania Ukome, na Ukanda

SWALI: Wanafunzi wangu wa sekondari wanakariri 1820, 1850 na 1854, miaka ya mikataba na sheria za utumwa, bila taabu. Nikiwauliza kwa nini Kaskazini na Kusini ya Marekani zilipigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe (1861–1865), wote wanajibu, "Kaskazini ilichukia utumwa." Nina vipindi vinne vya dakika 40. Nibadilishe nini?

Mwalimu, badilisha mpangilio. Utumwa ukifundishwa peke yake, kisha waliopigania ukome, kisha ukanda (yaani mvutano wa Kaskazini na Kusini), mwanafunzi anabaki na mada tatu zisizogusana. Zote zifungie kwenye swali moja: je, utumwa uruhusiwe kuenea katika ardhi mpya ya magharibi?

Kipindi cha kwanza ni cha pamba. Andika ubaoni namba mbili: sensa ya 1790 ilihesabu watumwa karibu 700,000, na ya 1860 karibu milioni 4. Kisha waambie kwamba kuingiza watumwa kutoka nje kulipigwa marufuku tangu 1808, uwaache wajiulize waliongezekaje. Jibu lina uzito: mtoto wa mama mtumwa alizaliwa mtumwa, kwa sheria. Mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney, ya 1793, ilifanya pamba ya nyuzi fupi ilipe hata mbali na pwani, na kwa hiyo watu karibu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo kama Virginia na Maryland kwenda Alabama, Mississippi na Louisiana. Familia nyingi zilivunjwa hapo. Kufikia 1860 pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo Marekani iliuza nje. Usikiruke kipindi hiki, maana asiyeelewa pamba hataelewa kwa nini Kusini haikukubali kurudi nyuma.

Kipindi cha pili ni cha ramani tupu, moja kwa kila wanafunzi wawili. Wapake rangi majimbo huru (yaliyokataza utumwa) 11 na ya watumwa 11 kama yalivyokuwa mwishoni mwa 1819. Kila jimbo lina maseneta wawili, kwa hiyo Seneti iko sawasawa. Mwaka 1820 Bunge linakubali Maine iingie huru, na Missouri, iliyojiunga 1821, iingie na utumwa. Mstari wa latitudo 36°30′ unachorwa. Hapa makosa mawili hujirudia: wanafunzi huuvuta mstari hadi Pasifiki, ilhali ulihusu ardhi iliyonunuliwa kwa Ufaransa 1803 tu, tena husahau kwamba Missouri yenyewe iko kaskazini ya mstari huo. Wauchore kwa penseli, kwa sababu wakifika 1854 wataufuta kwa mikono yao: sheria ya Kansas na Nebraska iliwaachia wakazi waamue wenyewe, mahali ambapo utumwa ulikuwa umekatazwa kwa miaka 34. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu ikatamka kwamba Bunge halina hata uwezo wa kuuzuia katika maeneo hayo.

Vipindi viwili vilivyobaki vinajibiwa na maswali yanayofuata.

SWALI: Waliopigania kukomesha utumwa wanaonekana vitabuni kama kundi moja la watu wema. Nawatofautishaje?

Wape wanafunzi kadi za watu wanne, na swali moja: utumwa ukomeshwe kwa njia gani? William Lloyd Garrison, aliyeanzisha gazeti lake Boston 1831, alitaka ukome mara moja, akaikataa siasa ya vyama, na 1854 akachoma hadharani nakala ya Katiba. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa Maryland 1838, alikuwa upande wa Garrison, kisha 1851 akatangaza kwamba Katiba inaweza kutumika kuupiga vita utumwa. Angelina Grimké alitoka katika familia ya Charleston iliyomiliki watumwa. Alipohutubia hadhara, hata haki ya mwanamke kusema ikawa ugomvi. John Brown alishika silaha, akanyongwa Desemba 1859 baada ya kuvamia ghala la silaha la Harpers Ferry.

Baada ya hapo ongeza kundi la tano, ambalo walimu wengi hulisahau: watu wa Kaskazini waliopinga utumwa kuenea lakini hawakudai ukomeshwe ulikokuwapo. Hilo ndilo lililokuwa kubwa, na ndiyo ahadi aliyogombea nayo urais Abraham Lincoln 1860. Wengi wao hawakuwataka watu weusi kama majirani. Ukiliacha kundi hili, jibu la "Kaskazini ilichukia utumwa" litarudi kwenye mtihani.

Kilichowasogeza wengi wa Kaskazini ni Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850, iliyotaka waliotorokea huko warudishwe. Wasomee vifungu vyake. Kamishna, yaani afisa aliyeamua kesi, alilipwa dola 10 akimrudisha utumwani mtuhumiwa (aliyedaiwa kuwa mtoro), dola 5 akimwachia. Mtuhumiwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi. Aliyemsaidia aliweza kutozwa faini hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi sita. Darasa hunyamaza kwenye zile dola 10 na 5. Usiharakishe.

SWALI: Mwanafunzi anashikilia kwamba vita vilihusu haki za majimbo na ushuru, wala si utumwa.

Usibishane naye, mpe tamko la South Carolina la kujitenga na Marekani, Desemba 1860. Jimbo hilo linalalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanatunga sheria za kuzuia watoro wasirudishwe. Muulize: hapo nani anatetea haki za majimbo? Tamko la Mississippi linasema waziwazi kwamba msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa. Mgogoro wa 1832, South Carolina ilipoukataa ushuru wa forodha wa serikali kuu, ni wa kweli, ufundishe, ila ushuru ulikuwa umeteremshwa 1857.

SWALI: Naweza kuigiza mnada wa watumwa darasani?

Hapana. Kuna mtoto atakayesimama kama bidhaa na wenzake watacheka. Hakuna atakachojifunza zaidi ya aibu. Tumia matangazo ya watoro ya magazeti ya wakati ule. Mwenye mtumwa anataja makovu, ufundi wa mtoro, na mji alipo mkewe. Waulize wanafunzi anakiri nini bila kukusudia.

SWALI: Nipeni swali moja la kupima uelewa.

"Mwaka 1860 Delaware na South Carolina zote ziliruhusu utumwa. Kwa nini moja ilibaki na nyingine ikajitenga?" Wape takwimu: Delaware watumwa chini ya 1,800 kati ya watu 112,000, South Carolina 402,000 kati ya 703,000. Kwa alama 10, toa tatu kwa kutumia takwimu, nne kwa kuzihusisha na uchumi na hofu ya wenye watumwa, tatu kwa kutaja ardhi ya magharibi. Anayeorodhesha mikataba na miaka yake tu (1820, 1850, 1854) asipate zaidi ya tatu.