Ndege ilipinduka, lakini hakufa mtu

SWALI: Ndugu mtaalamu, nipo Nkuhungu, Dodoma. Niliona kwenye simu marudio ya mashindano ya ndege ya Red Bull Air Race nikawasimulia wenzangu kijiweni: "Ndege ilipinduka angani, kisha ndege wawili wakakimbizana kati ya nguzo." Wakaniuliza wamekufa wangapi! Nilikosea wapi?

JIBU: "Ilipinduka" ni sarufi safi, ila wenzako walisikia ajali, na siwalaumu. Basi likianguka barabara ya Singida tunasema "limepinduka", na hakuna anayeuliza nani kalipindua. Ndiyo kazi ya -ka katika vitenzi kama pinduka, vunjika na mwagika: jambo limetokea, mtenda hatajwi. Sasa, katika sarakasi za angani mtenda ndiye kila kitu. Waamuzi wanatoa alama kwa jinsi rubani alivyonyoosha mstari na kukata pembe. Ukimficha, umeufuta mchezo wenyewe. Mrudishe: "Rubani aliipindua ndege."

Hata hapo unaweza kusema kwa undani zaidi. Ikizunguka huku pua ikitazama mbele, ameibingirisha. Ikipanda, ikalala chali kileleni, ikashuka hadi pale ilipoanzia, amepiga duara la wima. Vijana watasema samasoti, nami sina ugomvi nao. Usidhani kila -ka ni msiba, maana mfungaji akibinuka samasoti baada ya bao hakuna anayeita gari la wagonjwa. Mazoea ya wasemaji yana nguvu kuliko kiambishi.

"Ndege wawili" ni wale wanaoshambulia mtama wako. Zenye injini ni "ndege mbili". Marubani, kwa kuwa ni watu, ni "wawili", kamwe si "mawili".

Kuhusu "wakakimbizana", hapa kosa si la sarufi, ni la habari. Katika mashindano hayo, yaliyoanza 2003 na kukoma 2019, kila rubani aliingia peke yake kati ya nguzo za kitambaa zilizojazwa upepo, zenye urefu uliofika mita 25, akipambana na saa. Hakukuwa na wa kumkimbiza. Kule Reno, Marekani, kuanzia 1964 hadi 2023, ndege kadhaa ziliruka pamoja kuzizunguka nguzo, na hapo -ana, ya kutendeana, ni halali kabisa: zilikimbizana.

Kwa ulichokiona wewe, waambie hivi: "Rubani aliibingirisha ndege, akanyooka, akapita kati ya nguzo, kisha akaja mwenzake, naye akapimwa muda wake."